Mwili Ukilala, Mishipa ya Fahamu Hufanya Nini?

Akina mama wengi wanaokuja kwetu kupima shinikizo la damu baada ya ibada hawaanzi na habari za shinikizo. Huanza na habari za usiku. Mmoja atasema miguu inamwaka kama imepakwa pilipili. Mwingine atasema mkono unamfia ganzi mpaka anauning'iniza nje ya kitanda. Wa tatu atasubiri wenzake waondoke, ndipo aseme kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kinamkaba alfajiri, na anataka kujua kama hospitali ina dawa ya mambo hayo au aende tu kwa watu wa maombi.

Kwa kuyatazama haraka, mambo hayo matatu hayana undugu. Lakini yote yanahusu mishipa ya fahamu na jinsi inavyofanya kazi wakati mtu amelala. Sisi wauguzi tulifundishwa somo hili chuoni kwa majina marefu ya Kilatini, majina ambayo hayamsaidii mtu aliyekaa kitandani saa nane za usiku akisugua miguu. Katika toleo hili tumeona tulieleze kwa maneno ya nyumbani.

NYAYA ZA MWILI

Ubongo pamoja na ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo ndio makao makuu. Kutoka hapo hutawanyika mishipa ya fahamu kwenda kila pembe ya mwili: jozi 12 hutoka kichwani, na jozi 31 hutoka kwenye ugwe. Hiyo ndiyo mishipa ya fahamu ya pembezoni. Mama msomaji, usiichanganye na mishipa ya damu. Mshipa wa damu ni bomba. Mshipa wa fahamu ni kama waya, nyuzi nyingi nyembamba zilizofungwa pamoja ndani ya ala moja.

Mkubwa kuliko yote hupita takoni na kushuka nyuma ya paja. Una unene unaokaribia wa kidole. Ndiyo sababu mtoto mchanga huchomwa sindano pajani, na mtu mzima akichomwa takoni muuguzi hutafuta robo ya juu upande wa nje. Ukimwona anapapasapapasa kabla ya kuchoma, usidhani anasitasita. Anaukwepa mshipa huo, maana sindano ikiupata, mtoto aliyekuwa akikimbia anaweza kubaki anaburuta mguu.

Nyaya hizi hupeleka amri kutoka makao makuu na kurudisha habari, wala si zote zenye mwendo mmoja. Zilizo nene hupitisha habari kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Zile nyembamba za maumivu ya kuunguza hukokota habari kwa mita 1 hivi kwa sekunde. Umewahi kujigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti? Unajua mara moja kwamba umejigonga, halafu unangoja kidogo, na ndipo maumivu yenyewe yanapofika.

Lipo kundi jingine lisilongoja amri yako. Hili huendesha moyo, utumbo, jasho na upana wa mishipa ya damu. Lina pande mbili, nasi tutaziita upande wa hekaheka na upande wa utulivu. Ukikimbizwa na mbwa, hekaheka hushika usukani. Ukishiba na kukaa kivulini, utulivu huchukua zamu. Kumbuka pande hizi mbili, kwa sababu usiku hupokezana zamu kuliko watu wengi wanavyofikiri.

USINGIZI UNA NGAZI

Zamani ilidhaniwa kwamba kulala ni kama kuzima taa. Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Hans Berger, alichapisha habari za jinsi alivyopima umeme wa ubongo wa binadamu kwa vipande vya chuma vilivyobandikwa kichwani, na kupitia njia hiyo ikaonekana kwamba ubongo uliolala unafanya kazi. Kisha mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya aliyelala hukimbiakimbia chini ya kope. Mmoja wa watu wa kwanza kupimwa na Aserinsky alikuwa mwanawe mwenyewe, Armond, mtoto wa miaka 8. Kila mama aliyewahi kumtazama mtoto wake akilala amekwisha kuyaona macho hayo yakicheza, ila hakuwa na mashine.

Tangu mwaka 1968 wataalamu walihesabu hatua nne za usingizi wa kawaida pamoja na usingizi wa ndoto. Mwaka 2007 hatua ya tatu na ya nne ziliunganishwa, na siku hizi tunahesabu tatu na ule wa ndoto.

Kabla mtu hajalala, mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu hupanuka ili mwili utoe joto lake la ndani. Mikono na miguu huwa na joto, tumbo na kichwa hupoa, na usingizi huja. Ile desturi ya bibi zetu ya kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu kabla ya kupanda kitandani ina maana yake.

Hatua ya kwanza ni mang'amung'amu. Huchukua dakika chache tu. Mtu akiguswa hapo ataapa kwamba hakuwa amelala, na kwa kweli yeye mwenyewe anaamini hivyo. Wazee wa kanisa wanaotikisa kichwa wakati wa mahubiri tuwasamehe. Hapa ndipo mtu hushtuka ghafla kama aliyekanyaga shimo, mguu ukaruka. Si dalili ya kifo wala ya kuitwa na mtu. Ni misuli inayopewa amri ya ghafla wakati makao makuu yanakabidhiana zamu.

Hatua ya pili huchukua karibu nusu ya usiku wote. Moyo hupunguza mwendo, joto hushuka, na upande wa utulivu unakuwa umeshika usukani.

Hatua ya tatu ndiyo usingizi wa pono. Mvua inaweza kunyesha juu ya bati na mtu asisikie. Homoni ya kukuza watoto hutoka kwa wingi wakati huu, na usingizi wa namna hii huwa mwingi katika nusu ya kwanza ya usiku. Mtoto wa shule anayeachwa sebuleni mpaka saa tano akitazama televisheni na wakubwa hupunguziwa muda wote wa kulala.

Katika hatua hiyohiyo hutokea jambo linalowatisha sana wazazi wageni. Saa moja au mbili baada ya kulala, mtoto wa miaka minne au mitano huketi, macho wazi, anapiga mayowe, jasho linamtoka na hamjui hata mama yake. Baada ya dakika kadhaa hulala tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Sehemu ya ubongo wake imeamka na sehemu imebaki kwenye usingizi mzito. Usimtingishe wala usimmwagie maji. Kaa karibu asianguke, ngoja limalizike. Lakini mtoto mwenye homa, au anayekakamaa na kutetemeka viungo, hilo ni jambo jingine kabisa. Huyo hapelekwi kesho, anapelekwa sasa.

Baada ya dakika 90 hivi tangu mtu alale, huingia usingizi wa ndoto. Mara ya kwanza ni dakika chache. Kisha mzunguko huanza upya, na kwa usiku mmoja tunazunguka mara nne hadi sita, kila mzunguko ukiwa na ndoto ndefu kuliko uliotangulia. Ndiyo maana ndoto tunazozikumbuka ni za alfajiri.

Usingizi huu ni wa ajabu. Ubongo unachangamka karibu kama wa mtu aliye macho. Macho yanakimbia. Moyo mara huenda kasi, mara polepole, na pumzi nayo haina mpango, kwa sababu hekaheka na utulivu vinanyang'anyana usukani. Lakini mikono, miguu na shingo vimelegea kabisa. Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, ndiye aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba sehemu ya chini ya ubongo hufunga amri za misuli wakati wa ndoto. Nyaya za pembezoni ni nzima, hazijakatika. Ila amri huzuiwa langoni, kwenye ugwe, zisitoke kwenda mikononi na miguuni. Misuli ya macho huachwa huru, na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo huachwa kiendelee kuvuta pumzi.

Tumshukuru Mungu kwa lango hilo. Bila hilo, kila anayeota anakimbizwa angekimbia kweli na kugonga ukuta. Wako watu, hasa wazee wa kiume, ambao lango lao limelegea. Hupiga ngumi na mateke usingizini na kumuumiza mke aliyelala pembeni. Mama, kama hayo yanatokea nyumbani kwako, usiyachukue kama chuki iliyofichwa. Mpeleke mzee akaonwe na daktari, maana wakati mwingine ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu kama ule wa kutetemeka.

Kwa mtoto mchanga karibu nusu ya usingizi wote ni wa namna hii, ndiyo sababu hutabasamu, hukunja uso na kurusharusha vidole akiwa amelala.

JINAMIZI

Sasa tumfikie yule mama wa tatu.

Wakati mwingine mtu huamka katikati ya usingizi wa ndoto, fahamu zikarudi, macho yakafumbuka, lakini lango la amri halijafunguliwa. Anajua yuko chumbani kwake. Anasikia jogoo. Anataka kuita, sauti haitoki, anataka kuinua mkono, hauinuki. Kifua anakihisi kizito, kwa kuwa misuli ya kifua imelegea na kinachovuta pumzi ni kiwambo peke yake. Na kwa kuwa ndoto haijaisha, picha zake humwagika chumbani akiwa macho. Mara nyingi picha hiyo ni ya mtu aliyesimama mlangoni au aliyemkalia kifuani. Hali hiyo hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, kisha lango hufunguka.

Waswahili tumeliita jinamizi tangu zamani. Wajapani wana neno lao lenye maana ya kufungwa kwa chuma. Katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, wavuvi husema wamekaliwa na bibi kizee. Mwaka 1995 kule Pemba na Unguja, watu walikoka moto wakalala nje kwa makundi kwa kumwogopa Popobawa, na baadhi ya waliochunguza habari zile waliona kwamba maelezo ya wengi yanafanana sana na mtu aliyeamka kabla lango halijafunguka.

Tazama jinsi bibi kizee anavyotokea hata Newfoundland, ambako hakuna anayezijua koo zetu. Tunalisema hili kwa sababu huku kwetu jinamizi halimwishii mtu kitandani. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kuwa na macho mekundu tu, macho yaliyoungua na moshi wa kuni.

Miaka michache iliyopita tuliletewa msichana wa kidato cha pili. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Mama yake alieleza kwamba binti anakabwa karibu kila alfajiri, na kwamba amemwona anayemkaba. Ni bibi yake mzaa baba, ambaye walilala chumba kimoja. Ndugu walikwisha kukaa kikao. Bibi alihamishiwa jiko la nje na chakula chake kilipelekwa huko kwenye sahani yake ya peke yake. Binti alikuwa amefanyiwa mikesha ya maombi kwa majuma mawili mfululizo.

Tulimwuliza binti maswali ya kawaida ya uuguzi. Analala saa ngapi? Alisoma mpaka saa saba usiku kwa ajili ya mtihani. Anaamka saa ngapi? Saa kumi na moja, kuwahi maji bombani. Analalaje? Chali, kwa sababu kitanda ni chembamba na mdogo wake yuko pembeni. Na tangu mambo haya yaanze anaogopa kulala, hivyo hata zile saa nne hazitimii.

Mambo yanayoleta jinamizi yanajulikana: kukosa usingizi, kulala saa zisizo na mpango, mashaka, na kulala chali. Huyu binti alikuwa nayo yote manne. Mikesha nayo, ingawa ilifanywa kwa upendo, ilikuwa ikimnyima dawa yake.

Tuliomba kwenda nyumbani, tukaketi na familia, na bibi naye aitwe. Tulieleza habari za lango kama tulivyozieleza hapa. Mama akauliza swali zuri: "Sasa, kwa nini amwone bibi na siyo mtu mwingine?" Tukamjibu kwamba ubongo huchukua kilichopo chumbani, na aliyekuwapo chumbani kila alfajiri ni bibi, ambaye huamka mapema na kupita karibu na kitanda akiwa amejitanda khanga. Bibi hakuwa amesema neno mpaka hapo. Alisema, "Mimi huyu nilimpokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa. Nimkabe kwa sababu gani?" Binti akaanza kulia.

Waliafikiana binti alale saa tatu na nusu na kaka yake achukue zamu ya maji. Godoro la mdogo likawekwa chini. Mwezi ule jinamizi lilimrudia mara mbili, na mara zote mbili alijua ni nini. Tulimfundisha asipigane nalo, bali ajitahidi kutikisa ncha ya kidole kimoja na kutulia na pumzi yake. Bibi alirudishwa chumbani baada ya majuma matatu. Mjomba mmoja hakukubali, na mpaka leo hali chakula cha mkono wa yule bibi.

Hatusemi watu wasiombe. Sala fupi kabla ya kulala humtuliza mtu, na utulivu ndio unaotakiwa. Lakini mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni kukosa usingizi asikeshwe. Tunawaomba akina mama wa vikundi vya maombi watusaidie katika hili, kwani sisi hufika nyumba moja nao hufika nyumba kumi. Na kama mtu anakabwa mara nyingi, tena husinziasinzia mchana kutwa au magoti yakamlegea kila anapocheka, apelekwe hospitali, huo ni ugonjwa mwingine wa usingizi.

GANZI YA MIKONO

Mtu mzima mwenye afya hujigeuza mara nyingi usiku bila kujua. Nyaya za ngozi na misuli hupeleka malalamiko kwamba upande huu umebanwa, na mwili hujigeuza. Aliyelewa pombe au aliyemeza vidonge vikali vya usingizi hasikii malalamiko hayo. Anaweza kulala saa nne mkono umening'inia kwenye egemeo la kiti, mshipa umebanwa kwenye mfupa, na asubuhi kiganja kimelegea hawezi kukiinua. Watu husema amerogwa. Mara nyingi hupona baada ya majuma au miezi. Uzi wa mshipa ukiwa umekatika hukua kwa milimita 1 hivi kwa siku, kwa hiyo kutoka juu ya kiwiko mpaka vidoleni hesabu mwenyewe.

Kwa akina mama tatizo la kawaida zaidi liko kwenye kifundo cha mkono. Hapo mshipa mmoja hupita katika njia nyembamba pamoja na kano tisa. Mama akiwa mjamzito maji huongezeka mwilini, njia hujaa, mshipa hubanwa. Ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hakimo. Usiku huzidi, kwa kuwa tukilala tunakunja mikono. Mama huamka, akaukung'uta mkono kama anayekung'uta maji, ganzi ikapungua. Dawa ya kwanza ni rahisi: kulala kifundo kikiwa kimenyooka. Kipande cha ubao mwembamba kilichozungushiwa kitambaa na kufungwa kwa bandeji, bila kukaza, hufanya kazi nzuri. Kwa wengi huisha wenyewe majuma au miezi michache baada ya kujifungua. Ikiwa nyama ya chini ya kidole gumba inaanza kukonda, usingoje tena, nenda kwa daktari.

MIGUU INAYOWAKA

Ganzi ikianzia kwenye nyayo zote mbili na kupanda kama soksi, tunawaza kwanza kisukari. Sukari nyingi ya miaka mingi huharibu nyaya, na zile ndefu zaidi, za miguuni, huumia mapema. Mwanzoni huwaka na kuchoma, hasa usiku, hata shuka ikigusa. Baadaye hunyamaza. Mgonjwa hufurahi kwamba amepona, kumbe sasa ndipo pa hatari, maana habari hazifiki tena makao makuu.

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Hawakuamka. Waliona vidonda asubuhi. Kwa hiyo kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani, aoshe miguu na mikono isinuke chakula, alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na wewe utazame nyayo zake kila siku, kati ya vidole pia. Maji ya kuosha yapime kwa kiwiko chako, siyo kwa mguu wake. Asiote moto kwa kunyoosha miguu jikoni.

Si kila miguu inayowaka ni kisukari. Anayetumia dawa za kifua kikuu anaweza kupata hali hiyo kutokana na dawa moja iitwayo isoniazidi, na kinga yake ni vitamini B6, kidonge kidogo ambacho wagonjwa wengine hukiacha kwa kudhani hakina kazi. Asiache, na asiache dawa za kifua kikuu pia. Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI wa zamani wanaikumbuka dawa ya stavudini iliyounguza miguu ya watu wengi. Shirika la Afya Duniani lilitaka iondolewe taratibu kuanzia mwaka 2009. Ukoma nao bado upo, na baka la ngozi lisilosikia mguso lisifichwe, matibabu yake ni bure.

Kisha kuna miguu isiyowaka wala kufa ganzi, bali haitaki kutulia. Mtu akilala anahisi kama wadudu wanatambaa ndani ya nyama, akiinuka na kutembea vinaisha. Kwa wajawazito mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma. Pima damu kwanza kabla ya kununua dawa ya kuchua.

KUKOROMA NA SHINIKIZO

Tulianza na mama aliyekuja kupima shinikizo. Kwa kawaida upande wa hekaheka ukipumzika usiku, shinikizo hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na moyo hupata nafuu. Lakini yupo anayekoroma sana, akanyamaza ghafla kama aliyekata roho, kisha akavuta pumzi kwa kishindo. Koo limeziba. Kila linapoziba, hekaheka huamshwa, mara kadhaa kwa saa moja, usiku kucha. Shinikizo lake haliwezi kutulia hata akimeza vidonge kwa uaminifu. Yeye mwenyewe hajui, anayejua ni aliyelala naye. Ndugu, mwambie daktari hayo unayoyasikia.

Na vidonge vya usingizi vya duka la dawa vinamzidishia huyo kuziba koo. Hatuvipendi kwa jumla. Humfanya mtu alale lakini hupunguza usingizi wa pono, na baada ya majuma machache hawezi kulala bila hivyo.

UKIAMKA USO UMEPINDA

Limebaki jambo moja tunaloulizwa sana. Mtu hulala mzima, akaamka mdomo umevutwa upande mmoja na jicho la upande wa pili halifumbi. Watu husema amepigwa na upepo au amechapwa na jini. Mara nyingi ni mshipa wa saba wa kichwani, uendao usoni, uliovimba ndani ya tundu lake la mfupa nyuma ya sikio. Mwambie ainue nyusi. Ikiwa paji la uso upande ule haliwezi kukunjika, huenda ni mshipa huo. Ikiwa paji linakunjika vizuri, au mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Kwa vyovyote vile aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kupunguza uvimbe wa mshipa wa uso hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya saa 72, na kiharusi hakingoji hata hizo.

Wengi hupona katika majuma machache au miezi. Katika muda huo jicho lisilofumba hukauka usiku, likapata kidonda. Mchana mgonjwa atie matone ya kulilainisha kama alivyoelekezwa na daktari. Kabla ya kulala atie dawa ya mafuta ya macho, kisha mfumbe kope taratibu kwa kidole na kuibandika kwa plasta nyembamba kutoka juu kwenda chini, mkihakikisha imefumba kabisa kabla ya kubandika ili plasta isikwaruze jicho. Asubuhi ibandueni kwa maji ya vuguvugu. Endeleeni hivyo kila usiku mpaka kope itakapofumba yenyewe.